Louis Rwagasore, Waziri Mkuu wa Siku 15



Muhula uliopita jumuiya yetu ilifanya uchaguzi wa kamati, na upande niliokuwa nikiuunga mkono ulishinda. Sitaki kuficha: tulifurahi kupita kiasi. Usiku uleule mtu mmoja wa upande wetu aliweka picha ya kuchekesha kwenye kundi la WhatsApp, sisi wengine tukaongezea vicheko, na kufikia swala ya Alfajiri watu 11 walikuwa wamejitoa kwenye kundi. Hakuna aliyewafuata. Mimi pia sikuwafuata. Mmoja wao ni jirani yangu hapa Biryogo, kijana niliyesoma naye madrasa tangu tukiwa na miaka saba.

Kwa hiyo mhariri aliponiomba niandike maisha ya mtu mashuhuri kwa toleo hili, akatarajia labda nitaandika juu ya sahaba au mwanazuoni kama ilivyo desturi ya ukurasa huu, nilimwambia nina mtu mwingine. Hakuwa Mwislamu. Alikuwa Mkatoliki, mtoto wa mfalme, jirani yetu wa Burundi, na aliuawa akiwa na miaka 29. Najua kuna ndugu watakaouliza tuna nini naye. Tunalo jambo, na nitalifikia tukifika Buyenzi.

Louis Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932. Baba yake, Mwami Mwambutsa wa Nne, alikuwa ametawazwa mwaka 1915 akiwa bado mtoto mdogo, na alitawala chini ya wakoloni wawili, kwanza Wajerumani kisha Wabelgiji. Mama yake ni Thérèse Kanyonga. Rwanda na Burundi wakati huo zilikuwa eneo moja la utawala, Ruanda-Urundi, mikononi mwa Ubelgiji. Ndiyo maana kijana wa Gitega alipelekwa kusoma kwetu, katika shule kubwa ya Astrida, mji tunaouita Huye leo. Pale ndipo watoto wa machifu wa nchi zote mbili walipofinyangwa wawe makarani na wasaidizi wa serikali ya kikoloni. Ukipita Huye majengo ya shule bado yapo, ya matofali, na wanafunzi bado wamejaa. Nilipita nje ya geti lake mwaka jana nikiwa sijui kwamba huyo mtu aliwahi kukaa ndani.

Kutoka Astrida alikwenda Ubelgiji. Aliingia chuo cha Antwerp kilichofundisha maofisa wa makoloni, kisha akawa Louvain. Masomo hayakumshika sana. Mwaka 1956 alirudi nyumbani bila kuwa msomi mkubwa, lakini akiwa ameona jambo ambalo halikufundishwa Astrida, kwamba Wabelgiji kwao walikuwa na vyama, magazeti yenye kubishana, na mawaziri wanaoondolewa kwa kura. Huku kwetu walitawala bila kimojawapo.

Sasa tufike Buyenzi.

Bibi yangu alizaliwa huko, katika kile kitongoji cha Waswahili cha mji uliokuwa ukiitwa Usumbura, Bujumbura ya leo. Ili kuelewa Rwagasore alifanya nini, lazima uelewe neno Mswahili lilimaanisha nini kwa serikali ya wakati ule. Halikuwa jina la watu wa pwani tu. Lilikuwa jina la kila Mwislamu wa mjini: mjukuu wa mchukuzi wa misafara aliyetoka Ujiji, Mmanyema aliyevuka ziwa, na hata Mrundi au Mnyarwanda aliyezaliwa kilimani kisha akasilimu na kuhamia mjini kufanya biashara. Wote waliwekwa mahali pao, mbali na vilima vya machifu na mbali na nyumba za Wazungu. Hapa Kigali ilikuwa hivyohivyo. Biryogo yetu ilikuwa kambi ya Waswahili, na wazee wanakumbuka habari za vibali vya kutoka na kuingia. Shule nyingi zilikuwa za misheni, kwa hiyo mtoto wa Kiislamu alikuwa na mlango mwembamba wa kupita. Mtu alizaliwa hapa, babake akazaliwa hapa, na bado aliulizwa kwao ni wapi.

Rwagasore aliporudi kutoka Ulaya angeweza kutafuta wafuasi kwa machifu na jamaa zake. Akaenda kwa wafanyabiashara wa mjini. Mwaka 1957 alianzisha vyama vya ushirika, na kilichokuwa kikubwa zaidi kilikuwa ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi. Waswahili wa Usumbura walijiunga kwa wingi. Fikra yake ilikuwa rahisi. Kahawa inalimwa na Mrundi, lakini ikishuka kilimani faida inabaki kwa wengine. Wenye duka dogo wakiweka mitaji yao pamoja wataweza kununua na kuuza wenyewe, na watu wakizoea kuamua pamoja juu ya pesa zao wenyewe, hawatashindwa kuamua pamoja juu ya nchi. Hilo la mwisho ni tafsiri yangu, lakini nadhani sijamzulia.

Ushirika ule ulikwama. Hesabu hazikutunzwa vizuri, fedha nyingine zilifujwa, na kufikia mwaka 1958 ulikuwa ukingoni mwa kufilisika. Nalieleza hili kwa makusudi, kwa sababu tukiandika maisha ya watu huwa tunapenda kuyapiga pasi. Rwagasore hakuwa mweka hazina mzuri. Wabelgiji walilitumia kosa hilo kuonyesha kwamba mwana wa Mwami hafai kuaminiwa na jambo kubwa. Lakini wale watu wa Buyenzi, ambao ndio waliopoteza pesa, hawakumwacha. Walikuwa miongoni mwa wafuasi wake wa mwanzo, na walipoona anaanza siasa waliingia naye. Bibi anasema mama yake alikuwa na bangili za fedha ambazo siku moja hazikuonekana tena mkononi. Watoto walipouliza, waliambiwa zimekwenda kwenye chama. Sina namna ya kuthibitisha habari ya bangili za familia moja, ila habari za wanawake wa Kiswahili waliokisaidia chama kwa mali zao zinasimuliwa na wengi huko.

Chama chenyewe kilikuwa UPRONA, kilichoanza kujengwa mwaka 1958. Jina lake linaeleza nia yake, umoja na maendeleo ya taifa. Tuangalie nani walikuwa ndani yake, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu ilipo. Alikuwemo André Muhirwa, shemeji yake, mtu wa ukoo mkubwa. Alikuwemo Paul Mirerekano, Mhutu aliyejua kilimo na kuongea na wakulima. Alikuwemo Pierre Ngendandumwe, Mhutu msomi. Walikuwemo Waswahili wa mjini. Katika miaka ileile, upande wetu wa mpaka, chama kilichokuja kutawala kilikuwa kimebeba jina la kabila ndani ya jina lake. Sihitaji kumweleza msomaji wa Kigali jambo hilo liliishia wapi.

Serikali ya kikoloni ilimtambua haraka kuwa ni tatizo. Ikatoka amri kwamba jamaa wa karibu wa Mwami hawaruhusiwi kushika nafasi za kisiasa. Kwa karatasi, basi, Rwagasore akawa mshauri tu wa chama. Kwa vitendo kila mtu alijua ni nani anaongoza. Naona Wabelgiji hapa walikuwa na nusu ya hoja nzuri. Ni kweli kwamba katika demokrasia mtoto wa mfalme asipewe uongozi kwa sababu ya damu, na ni kweli kwamba kule vilimani watu wengi walimsikiliza kwa sababu ya baba yake. UPRONA ililitumia jina la Mwami bila haya. Lakini amri ile haikutolewa kuwalinda wananchi dhidi ya ufalme. Machifu wa upande mwingine, wenye damu bora vilevile, walisaidiwa. Wapinzani wake wakubwa wa PDC, Jean-Baptiste Ntidendereza na ndugu yake Joseph Biroli, walikuwa wana wa chifu Baranyanka, wa ukoo wa Batare, washindani wa miaka mingi wa ukoo wa Bezi aliotoka Mwami. Wao walitaka uhuru uje polepole, na jambo hilo liliwapendeza Wabelgiji.

Yeye mwenyewe alikuwa na jibu kuhusu ufalme, na ni jibu la kushangaza likitoka kwa mtoto wa mfalme. Alisema anauunga mkono kwa kadiri utakavyowatumikia watu na kuwaletea uhuru. Maana yake ni kwamba usipowatumikia, hana deni nao. Sijui baba yake alilipokea vipi.

Mwaka 1959 alimwoa Marie-Rose Ntamikevyo. Walijaliwa mabinti wawili, na wote wawili walifariki wakiwa wachanga.

Mwaka 1960 mambo yaliwaka. UPRONA ilitaka uhuru wa haraka. Rwagasore aliwaita watu wagome, wasinunue katika maduka ya Wabelgiji, wasilipe kodi. Alikuwa amejenga uhusiano na Mwalimu Nyerere na TANU ng'ambo ya ziwa, na njia za TANU zinaonekana katika siasa yake: mikutano, kadi za chama, kugoma bila kushika panga. Tarehe 27 Oktoba 1960 serikali ilimweka kizuizini nyumbani, huko Bururi. Uchaguzi wa mabaraza ya wilaya ndogo ulifanyika kuanzia katikati ya Novemba yeye akiwa amefungiwa. PDC ilipata viti 942 kati ya 2,876. UPRONA ilipata 545. Aliachiliwa tarehe 9 Desemba, mara baada ya kura kwisha.

Hapa nakuomba usimame kidogo, ndugu msomaji. Alikuwa na kila sababu ya kusema kwamba mchezo umeharibiwa na yeye hachezi tena. Na kwa kweli ulikuwa umeharibiwa. Alichofanya ni kulipeleka shauri lake mahali pa juu zaidi, kwenye Umoja wa Mataifa, ambao ndio uliokuwa umeikabidhi Ubelgiji dhamana ya nchi hizi na ulikuwa na haki ya kuuliza inaendeshwaje. Wajumbe wa chama walilalamika New York. Umoja wa Mataifa ukashinikiza vizuizi viondolewe na uchaguzi wa bunge usimamiwe na waangalizi wake. Kisha akarudi kwenye mikutano, kilima baada ya kilima, miezi kadhaa. Yule aliyeshindwa Novemba alijiandaa kwa Septemba.

Tarehe 18 Septemba 1961, siku ya Jumatatu, Warundi walipiga kura. UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64, kwa takriban kura nane katika kila kumi. Hata waliokuwa wakiitakia mema hawakutarajia hivyo.

Wiki moja baadaye, tarehe 25, sisi Wanyarwanda tulipiga kura yetu, na ufalme ukaondolewa. Nchi mbili zilizotawaliwa na gavana mmoja, zenye lugha zinazosikilizana, zilichagua katika wiki moja njia mbili tofauti. Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu nianze kusoma habari zake. Kwetu, mshindi aliona ushindi wake ni wa kundi moja juu ya kundi jingine. Nyumba zilikuwa zimechomwa tangu 1959, na watu walikuwa wamekimbilia Uganda, Kongo, Tanganyika na hukohuko Burundi.

Rwagasore alizungumza redioni baada ya matokeo, na hotuba hiyo ndiyo iliyonifanya nimchague. Alikuwa na viti 58. Vyama vingine vyote vilikuwa vimebaki na viti sita. Hakuwacheka. Aliwaambia watu kwamba huu si ushindi wa chama juu ya chama kingine, ni ushindi wa utulivu na nidhamu na amani. Aliwataka wafuasi wake wasilipize kisasi. Na kuhusu serikali yake hakutoa ahadi za kupendeza masikio. Alisema wananchi watawahukumu kwa matendo yao, na kuridhika kwa wananchi ndiko kutakuwa fahari ya viongozi.

Sisi tunaosoma sira hatuwezi kulisikia hilo bila kumkumbuka Abu Bakr, Allah amridhie, siku alipopewa uongozi. Naye aliwaambia watu kwamba amewekwa juu yao ilhali si mbora wao, wamsaidie akienda sawa na wamnyooshe akipinda. Sisemi Rwagasore alimsoma Abu Bakr. Nasema tu kwamba katika darasa letu kuna ndugu anayependa kudai kwamba demokrasia ni kitu cha Wazungu kilicholetwa kwenye sanduku, na mimi huwa nakosa jibu la haraka. Uongozi ni amana, na aliyepewa amana anaulizwa. Kushauriana kumetajwa katika Qur'ani mpaka sura nzima ikabeba jina hilo. Mkataba wa Madina ulihesabu ndani ya umma mmoja watu wasiokuwa wa dini moja. Sanduku la kura ni chombo. Kinachowekwa ndani yake, yaani kwamba mtawala anatoka kwa watu, kwamba ana wa kumuuliza, na kwamba aliyeshindwa bado ni mwenye nyumba, sioni ni kipi kati ya hivyo kinachotutisha Waislamu. Na kama kuna watu wa Ruanda-Urundi waliojua maana ya kuwa mpangaji katika nyumba uliyozaliwa, ni wale wa Buyenzi na Biryogo.

Tarehe 28 Septemba aliteuliwa Waziri Mkuu. Ngendandumwe akawa makamu wake na waziri wa fedha. Nchi ilikuwa bado haijapata uhuru kamili, maafisa wa Kibelgiji wakiwa bado ofisini, lakini serikali ilikuwa ya Warundi.

Tarehe 13 Oktoba 1961 ilikuwa Ijumaa. Jioni alikwenda kula kwenye mkahawa wa hoteli ya Tanganyika, ufukweni mwa ziwa, pamoja na marafiki na baadhi ya mawaziri wake. Hakuwa na ulinzi wa kutosha. Mtu aliyejificha gizani alimpiga risasi moja. Alifariki palepale. Zilikuwa siku 15 tangu ateuliwe.

Bibi alikuwa mtoto. Anachokumbuka ni kwamba kesho yake Buyenzi haikupika. Wanaume walikaa barazani bila kuzungumza, na mwalimu wa madrasa akawarudisha watoto nyumbani. Anakumbuka pia mjadala wa wazee, kama inafaa kumsomea dua mtu asiyekuwa Mwislamu. Hakumbuki waliamuaje. Anakumbuka tu kwamba walibishana huku wakilia.

Aliyefyatua risasi alikuwa Jean Kageorgis, Mgiriki aliyeishi Usumbura. Alikamatwa haraka, na maelezo yake yakawapeleka polisi kwa Ntidendereza, Biroli na wengine wa PDC. Yaani wale walioshindwa Septemba. Kuna swali lililobaki mpaka leo, la kiasi gani maafisa wa Kibelgiji walijua au walichochea. Watafiti wameliandika tena miaka ya karibuni na huko Ubelgiji bado linazungumzwa.

Hapa ningeweza kumaliza na watu wangesema ni makala nzuri ya shujaa. Lakini maisha ya mtu kama huyu hayaishii siku ya kifo chake, kwa sababu tunataka kujua kama aliowaachia nchi waliielewa ile hotuba. Naona walio wengi hawakuielewa, na wa kwanza kuisahau walikuwa vijana.

Vijana wa UPRONA walikuwa na umoja wao uliobeba jina lake. Mwezi Januari 1962, miezi mitatu tu baada ya mazishi, vijana hao waliingia mtaa wa Kamenge mjini Usumbura, wakashambulia watu wa upande wa upinzani na kuwaua kadhaa, wakiwemo viongozi wa wafanyakazi, Wahutu. Waliouawa hawakuwa wamehusika na risasi ya ufukweni. Wauaji waliitwa kwa jina la Rwagasore. Nimeisoma habari hii mara nyingi kuliko nyingine zote katika maisha yake. Nafikiri ni kwa sababu walikuwa na umri wetu.

Kisha ikaja kesi. Chini ya Wabelgiji, mwishowe ni Kageorgis peke yake aliyehukumiwa kifo, na aliuawa tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Wenzake walipewa vifungo. Baada ya uhuru serikali mpya iliunda mahakama kuu yake, ikaifungua kesi upya na kuwahukumu kwa mara ya pili kwa kosa lilelile. Watu watano, wakiwemo ndugu wawili wana wa Baranyanka, walinyongwa hadharani Gitega tarehe 15 Januari 1963, mbele ya umati wa maelfu. Najua wapo watakaosema walistahili. Inawezekana. Lakini mtu akishahukumiwa, ukampindulia sheria ili umhukumu tena, sheria hiyo kesho itampindukia nani? Burundi ilipata jibu mapema. Ngendandumwe alipigwa risasi na kufa tarehe 15 Januari 1965, miaka miwili kamili baada ya siku ya kunyongwa, akitoka hospitali kumtazama mkewe aliyekuwa amejifungua. Mirerekano aliuawa na serikali mwaka huohuo, mwezi Oktoba, baada ya jaribio la mapinduzi. Mwaka 1966 ufalme uliondolewa na wanajeshi. Ya 1972 yanajulikana.

Pale Bujumbura, juu ya kilima kinachoutazama mji na ziwa, pana kaburi lake. Kila tarehe 13 Oktoba viongozi hupanda kuweka mashada ya maua, wa serikali hii na ile, waliowindana na waliosameheana. Jina lake liko kwenye barabara na kwenye hospitali. Sijawahi kufika. Bibi hajarudi huko tangu alipoolewa Kigali, na kila anapoona picha ya ziwa kwenye simu yangu anauliza kama ni Tanganyika, hata ikiwa ni Kivu.

Wiki iliyopita, nikiandika haya, nilihesabu tena kundi letu la WhatsApp. Kati ya wale 11, saba wamerudi, wengine kwa sababu waliitwa na wengine kwa sababu ratiba ya mihadhara hutumwa humo. Wanne hawajarudi. Yule jirani yangu ni mmoja wa hao wanne. Tunapishana uchochoroni, tunasalimiana kwa salamu kamili, na kila mmoja anaharakisha. Bibi ameniuliza mara mbili mbona yule kijana haji tena kunywa chai. Mara ya kwanza nilisema ana mitihani. Mara ya pili nilimweleza yote, pamoja na ile picha ya kuchekesha na pamoja na kwamba mimi ndiye wa tatu kuweka kicheko chini yake. Hakusema kitu. Aliweka kikombe cha tatu kwenye sinia, akaniambia Ijumaa baada ya swala nipite kwao nikamchukue.

Leo ni Jumatano.